Vigae vya Jikoni katika Nyumba za Kale za Mawe

Swali: Kwa nini kubandika vigae nyuma ya sinki la jikoni hugharimu sana katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, ilhali eneo lenyewe ni dogo?

Jibu: Sehemu kubwa ya gharama hiyo imo katika ukuta unaovipokea vigae. Ukuta wenye urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60, yaani mita za mraba 1.8, huhitaji vigae 10 vya sentimita 30 kwa 60, pamoja na viwili vya akiba kwa vitakavyovunjika wakati wa kukatwa, na hesabu hiyo haimtishi mtu. Hata hivyo, kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, nazo hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu ya chokaa, yaani tabaka linalofunika mawe. Fundi akizisawazisha kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya vigae, na hatimaye vigae hubanduka pamoja na lipu, hata mwenye nyumba akalazimika kulipa mara mbili. Lililo bora ni kubandua lipu iliyolegea, kurudishia ya chokaa na kuiacha ikauke kwa wiki kadhaa; bei ya kazi hiyo ya maandalizi ndiyo inayostahili kuulizwa kabla ya bei ya vigae. Inafaa pia vigae visipandishwe hadi darini, ili sehemu ya juu ya ukuta iendelee kupumua.