Daktari amekuruhusu, kwa nini umewaficha wa nyumbani?

Shangazi, nilijifungua njiti wa wiki 32, kilo 1.4, hapa Sumbawanga. Sasa ana kilo 1.8 na ananyonya mwenyewe. Jumatatu daktari alisema twende nyumbani, njia ya Laela, lakini nilimwomba tukae kidogo, na nyumbani nimewaambia bado hatujaruhusiwa. Mahindi bado yako shambani, mama mkwe anauliza kila siku nitatoka lini. Mume wangu huja Jumapili, anasimama mlangoni, anasema kubeba mtoto kifuani ni mambo ya wanawake. Je, kilo 1.8 zinatosha, au nisubiri zifike 2.5?
Mama Njiti

Mwanangu, hongera.

Si kilo zilizokushikisha kalamu. Mwenye wasiwasi wa kilo humuuliza nesi, naye yuko hapo hapo wodini. Wewe umewadanganya wa nyumbani ili ubaki. Unajua ukivuka kizingiti utakabidhiwa gunia kabla ya kikombe cha uji, na wodini ndiko pekee unakolala bila mtu kukutuma.

Swali lako nalijibu upesi. Mizani peke yake haimtoi njiti wodini. Wanatazama kama ananyonya bila kuchoka, kama uzito unapanda siku kwa siku, kama mwili unabaki na joto akiwa kifuani kwako, kama hasahau tena kupumua, na kama wewe mwenyewe unaweza kumlisha na kumjua akibadilika. Daktari akiridhika na hayo, 1.8 zinatosha. Hizo 2.5 ulizosikia ni za kuacha kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Utaendelea kumbeba hivyo nyumbani mpaka azikaribie, au mpaka aanze kupiga mateke na kukataa kufungwa.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na watu wako unapoanzia. Kangaruu ni kazi ya kutwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Katikati ya hayo kuna kunyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Sasa mwanamke mwenye kazi hiyo atavuna mahindi saa ngapi? Ataamka alfajiri na baridi ya Ufipa, njiti kifuani, aende kuinama shambani?

Mumeo akija, msomee haya. Baba, njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za kuwapa watoto joto hazitoshi, akawaweka vifuani mwa mama zao. Hospitali yetu ya Muhimbili nayo ilishiriki utafiti mkubwa wa njia hii pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria. Majibu yalitoka 2021: watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Na mama alipokuwa hajiwezi, ndugu aliyemchagua ndiye aliyembeba mtoto. Umesikia? Ndugu. Joto la mwili wako halina tofauti na la mkeo. Ukirudi shambani oga, vua shati, egemea mahali, mpokee mwanao, mkeo apate kulala. Majirani wakicheka, watachoka kucheka. Mwanamume anayeona aibu kumpa mwanawe joto la kifua chake hana cha kujisifia hata ghala likijaa.

Mama mkwe wako simgombezi bado. Huenda kweli anataka mkono wa kuvunia, na huenda ana hamu tu ya kumwona mjukuu. Utajuaje, na wewe umemfungia mlango kwa uongo? Mwite wodini, nesi amfundishe kumfunga mtoto: nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi, shingo isikunjwe, kitenge kikaze. Bibi aliyefundishwa atakuwa mlinzi wako.

Nyumbani msiwashe jiko la mkaa chumbani ili kumpasha mtoto joto. Moshi ukiisha, sumu yake inabaki, na chumba kilichofungwa kinaua. Wageni wawe wachache, na anayemshika anawe mikono. Akikataa kunyonya, akipoa mwili, akiwa wa manjano au akipumua kwa shida, rudini hospitali hata iwe usiku. Tarehe ya kliniki usiiruke.

Leo hii mpigie mumeo, umwambie umeruhusiwa tangu Jumatatu na kwa nini ulinyamaza. Aje na mama yake, asingoje Jumapili. Usitoke wodini mpaka nesi amwone mumeo akimfunga mtoto kifuani mwake kwa mikono yake mwenyewe. Mahindi yatatafutiwa kibarua.