KIJANA ALIYEKOSA, NA MAUMIVU ASIYOYASEMA

Wapendwa, tunapowatembelea vijana katika mahabusu ya watoto huchukua sabuni, mkate na maneno mema, kisha tukarudi tukisema, "Hawajambo, hawana neno." Huenda yule aliyejibu "sina neno" ndiye aamkaye usiku kwa kelele. Mwezi huu na tujifunze kwa nini hasemi.

Kwanza ni jina. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imetibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na Isanga iliyo jirani yake hupokea wagonjwa wenye kesi. Lakini sisi mitaani tumeligeuza jina la Mirembe kuwa tusi, hata mtoto mtundu huambiwa, "Utapelekwa Mirembe!" (Tusikane, tumelisema.) Kijana ameshaitwa mwizi, hataki kuongezewa wazimu. Mwizi, kwa fikira zake, siku moja huachiliwa.

La pili ni zito zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha gerezani, ila mahakama yaweza kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kabla ya kuamua, mahakama hupata taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Basi tazameni: yule amwulizaye kijana habari za moyo wake ndiye aandikaye taarifa. Akinyamaza, tusiseme ni kiburi. Anayapima maneno yake kama mtu aliye mbele ya hakimu, na kwa kweli hayuko mbali naye. Sisi wageni naye hutuweka kundi hilo hilo.

Kwa hiyo tumwambie mapema, kabla hajasema lolote, ni neno gani tutalitunza na lipi hatuwezi kulificha, kama vile akitaka kujiua. Tusimwulize mbele ya wenzake, maana kati yao machozi ni aibu. Tuanze na usingizi na chakula. Eliya naye chini ya mretemu (1 Wafalme 19) alilala na kula kabla ya kuulizwa habari zake. Wala tusimwambie, "Omba tu, yatapita," kana kwamba kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani. Mbona malaria hatuiambii hivyo?

Akiachiliwa, na akikubali kwenda kliniki ya akili, mmoja wetu aende naye, akae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Jirani akiuliza njiani wanakwenda wapi, jibu ni "hospitali", basi.