Kabla Hujachana Karatasi ya Enfield

Ukibahatika kununua kihalali bunduki ya Lee-Enfield No. 4 Mk 2 ambayo bado imo ndani ya karatasi yake ya kiwandani, weka kisu chini kwanza. Bunduki hizi ziliundwa Fazakerley, Liverpool, kati ya 1949 na 1955, na baadhi hazikuwahi kukabidhiwa askari yeyote. Zilipakwa grisi nzito, zikaviringishwa kama maiti kwenye sanda, zikalazwa tano tano ndani ya kasha la mbao. Karatasi ile ni ushahidi, ukishaichana, hairudi.

Piga picha pande zote. Kama kuna maandishi juu ya karatasi, yanakili herufi kwa herufi. Mimi singeifungua, maana wakusanyaji hulipa zaidi kwa ile iliyofungwa.

Lakini karatasi peke yake haithibitishi kuwa bunduki ni mpya. Hata bunduki zilizokarabatiwa zilifungwa vivyo hivyo. Ukiamua kuifungua, hakikisha chemba ni tupu, kisha tazama ubavu wa kushoto. Ukikuta herufi FTR, hiyo ilipitia ukarabati mkubwa. Ukikuta Mk 1/2 au 1/3, ni ya zamani iliyoboreshwa. Halafu linganisha namba zake za utambulisho. Ya kwanza iko kwenye chuma nyuma ya kifyatulio, upande wa kushoto, na kwa bunduki za Fazakerley za miaka hiyo mara nyingi huanza na PF. Ya pili iko nyuma ya mkono wa bolti. Ya tatu utaitafuta chini ya mbao ya mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Imegongwa kwenye mbao, na grisi huifunika kabisa, basi futa grisi hiyo taratibu kwa kitambaa. Bolti yenye namba nyingine ni ya bunduki nyingine, hata ing'ae vipi.

Grisi kwenye chuma iondoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto, na usiache hata tone ndani ya chemba. Mbao usiipige msasa. Bunduki usiihifadhi ndani ya begi la sponji, kwani sponji hushika unyevu na kutu huanza pale inapogusa. Iweke chumba kikavu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Namba usiisugue wala kuichonga upya, hata ikififia. Marekani, ambako nyingi ziliishia, kuifuta ni kosa la jinai.