Mimba Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene

Mwanamke anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huonywa kuhusu kidonda, kutapika, hata nywele kunyonyoka baada ya miezi mitatu hivi. Nywele aghalabu humea tena. Kinachowashtua wengi ni mimba.

Unene kupita kiasi huvuruga homoni, na huenda yai lisipevuke kila mwezi. Uzito ukishuka, hedhi hurudia utaratibu wake, wakati mwingine katika miezi michache tu. Aliyezoea kuitwa tasa, neno la kikatili hilo, haoni haja ya kujikinga.

Katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza mwili hupungua kwa kasi na chakula huwa kidogo. Madini ya chuma na vitamini B12 huweza kupungua, na mtoto aliye tumboni huathirika. Ndiyo sababu madaktari hushauri mimba isubiri.

Tembe za kupanga uzazi si za kutegemewa ikiwa sehemu ya utumbo imerukwa, kwani huenda zisifyonzwe vyema. Koili au kipandikizi cha mkononi hakina tatizo hilo. Na hedhi ikikawia, usingoje kliniki ijayo. Kapimwe mara moja, maana huenda vitamini unazomeza zikahitaji kubadilishwa.