Mkimbizi Akibisha Hodi, Serikali Hupima Nini?

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika, na siku hizi katika vyuo vya Afrika pia, wako wataalamu waliokwisha kupata shahada ya udaktari ambao hupewa miaka miwili au mitatu ya kufuatia swali moja tu: watu waliofukuzwa makwao kwa nguvu wakifika mpakani, Serikali ya nchi wanayoikimbilia hufanya nini, na kwa sababu gani? Msomaji wetu wa Ngara au wa Kasulu huenda akacheka. Atasema, "Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu, la kusomea miaka mitatu ni lipi?" Kicheko chake twakielewa. Walakini twamwomba asilikunje gazeti upesi, maana aliyeliona kwa macho ndiye hasa apaswaye kujua wenye elimu wamelisemaje.

Habari ya Mtakatifu Yosefu kumchukua Mtoto na Mama yake usiku na kwenda nao Misri tumeihubiri mara nyingi, wala leo hatuihubiri. Leo twataka kuitazama Misri yenyewe: wakuu wake, askari wake wa mpakani, na hesabu zake.

Liko kosa moja ambalo yatupasa kuliondoa kwanza. Watu hudhani kwamba Serikali hupokea wakimbizi kwa sababu ina moyo mwema, na huwafungia mlango kwa sababu moyo wake umekuwa mgumu. Kama ndivyo, tutasemaje juu ya Tanzania, ambayo katika muda usiotimia miaka 25 ilifanya yote mawili, kwa watu wa nchi zile zile mbili, na katika mipaka ile ile?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji makubwa yalianza Burundi, na watu wapatao elfu mia na hamsini wakaikimbia nchi, wengi wao wakija Tanzania. Hawakuachwa mpakani. Walipelekwa ndani ya nchi, penye misitu na watu wachache: Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, Katumba upande wa Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Kila jamaa ilipimiwa shamba, na chakula cha msaada kilitolewa mpaka mavuno yalipotosha. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa methali hiyo ilitimizwa kama ilivyo. Kufika mwaka 1985 makazi yale yalihesabiwa kuwa yanajitegemea. Wakimbizi wa Rwanda waliokuja mbele yao, wapatao 36,000, walikubaliwa uraia mwaka 1980. Na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea wakimbizi mema.

Hata hivyo tusiipambe picha kupita kiasi. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965, iliyotumika miaka yote hiyo ya ukarimu, ilikuwa kali. Jina lake lenyewe lasema. Mkimbizi alitakiwa kukaa mahali alipopangiwa, na akitaka kusafiri alihitaji kibali. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani mlikuwa na kuta.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja na kutua Benaco, Wilaya ya Ngara. Wengi walikuwa raia waliobebana na watoto wao. Lakini kati yao walikuwamo pia wauaji, waliotoka kuwachinja jirani zao. Safari hii hakuna aliyepimiwa shamba. Watu walipangwa mistari, wakagawiwa mgao, wakangoja. Tarehe 31 Machi 1995 Serikali ilifunga mpaka huku makumi ya maelfu ya watu wakiwa njiani. Mapema Desemba 1996 ilitoa tangazo pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kwamba Wanyarwanda wote waweza kurudi kwao salama, nao wawe wamekwisha ondoka kufika mwisho wa mwezi. Wengi waliogopa, wakakusanya mizigo na kushika njia ya bara badala ya njia ya kwao. Askari waliwageuza. Kabla ya Mwaka Mpya karibu nusu milioni walikuwa wamevushwa Rusumo kurudi Rwanda.

Sisi hatuogopi kusema kwamba jambo lile halikuwa haki kwa wote. Kuwatenga wauaji na wasio na hatia ilikuwa kazi ngumu mno, na mataifa makubwa yenye uwezo wa kusaidia kuifanya hayakuifanya. Lakini ugumu wa kupepeta si sababu ya kutupa nafaka pamoja na makapi. Tena inasikitisha kwamba lile Shirika lililowekwa kuwatetea wakimbizi lilitia jina lake katika tangazo lile.

Basi ni nini kilichobadilika kati ya 1972 na 1995? Hapo ndipo wataalamu wanapotufaa. Mwaka 1996 Bibi Karen Jacobsen, aliyezichunguza Serikali nyingi zilizojaliwa wakimbizi kwa ghafula, aliandika kwamba Serikali hupima mambo manne: faida na gharama ya kupokea msaada wa mataifa, uhusiano wake na nchi watokayo wakimbizi, uwezo wa wenyeji wa kuwabeba, kama wanasiasa wanavyoukadiria, na usalama wa nchi. Huruma haimo katika mizani hiyo. Si kwamba haipo duniani. Ila yenyewe peke yake haitoshi kueleza kwa nini mlango unafunguliwa leo na kufungwa kesho.

Tukichukua mizani hiyo na kuipima Tanzania, mengi hufunuka. Mwaka 1972 nchi ilikuwa na ardhi tupu na haja ya mikono ya kuilima. Wageni walikuwa nguvu kabla hawajawa mzigo. Kuhusu usalama, mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivuka mpaka na kushambulia vijiji vya Tanzania, na hiyo ni moja ya sababu za kuyaweka makazi mbali. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, wasema vivyo hivyo, kwamba wakimbizi wawekwe mbali ya kutosha na mpaka wa nchi yao. Mkataba huo huo wasema pia kwamba kumpa mtu hifadhi si tendo la uadui, na kwamba nchi ikilemewa, wenzake wampunguzie mzigo. Maneno haya ya mwisho ni mazuri sana. Katika miaka ya 1990 Ngara na Kigoma zilipolemewa, utimizo wake haukuonekana.

Kuna jambo jingine, nalo ni chungu kulitaja. Bwana Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1999 kwamba siasa ya vyama vingi ilichangia kuubana mlango katika Afrika. Tanzania iliruhusu vyama vingi mwaka 1992. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa Oktoba 1995. Mpaka ulifungwa Machi ya mwaka huo. Mwananchi aliyechoka kuona miti yake ikikatwa na ng'ombe wake wakiibwa alipata sauti, na mwanasiasa alilazimika kuisikiliza. Ni haki yake. Lakini mkimbizi hana kura. Demokrasia, tunayoisifu, humsikiliza tu yule mwenye kadi ya kupigia kura.

Na huyo mwenyeji, je, kweli aliumia? Hapa tunawashukuru watafiti walioacha ofisi za miji mikuu wakaenda vijijini. Bibi Beth Elise Whitaker alichunguza mikoa ya magharibi ya Tanzania, akaonyesha mwaka 2002 kwamba faida na hasara hazikugawanyika sawa. Aliyekuwa na mali tangu mwanzo aliongeza. Maskini alizidi kubanwa. Bwana Jean-François Maystadt na Bwana Philip Verwimp walizichunguza hesabu za nyumba nyingi za Kagera wakaona vivyo hivyo: mwenye shamba lake alinufaika, kwa kuwa alipata vibarua wa bei ndogo na wanunuzi wengi, mwenyeji aliyeishi kwa kibarua ndiye aliyeumia, kwani alishindana na mkimbizi kwa ujira, na vyakula vikapanda bei. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba "wenyeji wamewachoka wakimbizi", yafaa tumwulize: wenyeji gani?

Tusidhani tena kwamba Serikali ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Mei 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itaifunga kambi ya Dadaab, iliyokuwapo tangu 1991. Februari 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo ikaamua kwamba agizo lile lilikuwa kinyume cha Katiba. Uganda nayo mwaka 1982 iliona Wanyarwanda kwa makumi ya maelfu wakifukuzwa katika nyumba zao upande wa Mbarara, wengine wakakwama mpakani wasipate pa kwenda. Na mwaka 2006 nchi hiyo hiyo ilitunga sheria inayompa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, ambayo imesifiwa kotekote. Mtafiti anayesoma sheria peke yake, bila kumwuliza hakimu, mkuu wa wilaya na askari wa kizuizini, atarudi chuoni na nusu ya habari.

Katika kazi zote tulizozisoma, moja imetugusa kuliko nyingine. Mwaka 1985 na 1986 Bibi Liisa Malkki aliishi na Warundi wa 1972, kwanza Mishamo, kisha mjini Kigoma. Watu walikuwa wale wale, mkasa ule ule. Lakini wale waliowekwa Mishamo, penye mipaka na vibali, walikuwa wameshikamana kama taifa lililo uhamishoni. Walisimuliana historia yao kila siku na kuingoja siku ya kurudi. Wale wa Kigoma walikuwa wameoa, wamefanya biashara, wamechanganyika, na hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Maana yake ni nini? Ni kwamba Serikali ikisema, "Watu hawa hawataki kuwa wenzetu," yapaswa ijiulize imewaweka wapi.

Na hilo latuleta kwenye jambo tulilokusudia tangu mwanzo. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliwauliza Warundi wa 1972 na watoto wao waliokuwa makazini: mwataka kurudi, au mwataka uraia wa tajnisi? Wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Ni mara chache sana duniani Serikali yoyote kufanya tendo kubwa kama hilo kwa mkupuo mmoja, na twaisifu bila kusitasita. Lakini liliambatana na sharti: kwanza waukane uraia wa Burundi, tena wayahame makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingi ya nchi, ndipo wapewe cheti. Mikoa iliyotajwa haikuwa tayari, na baadhi ya viongozi wake walikataa. Mwaka 2011 mpango wa kuwahamisha ulisimamishwa. Vyeti navyo vilisimama.

Hebu tufikiri hali ya watu hao. Burundi si kwao tena, kwa maana wameikana kwa maandishi. Tanzania imewakubali, lakini karatasi ya kulithibitisha hilo haimo mkononi. Wengi wao walizaliwa Katumba au Ulyankulu, na Burundi hawajaiona kamwe. Shamba walilolisafisha wazazi wao msituni wameambiwa wataliacha, ila lini na kwenda wapi, hakuna ajuaye. Mtu wa namna hiyo ataezeka nyumba kwa bati? Atapanda mwembe? Walikaa hivyo mpaka Oktoba 2014, vyeti vilipoanza kutolewa na kuruhusiwa kubaki pale walipo.

Miaka miwili na kidogo baadaye, Januari 2017, Serikali hiyo hiyo iliacha kuwapokea Warundi wapya kwa jumla kama wakimbizi, ikaamuru kila mmoja apimwe peke yake. Na mwanzoni mwa 2018 ikajitoa katika mpango wa mataifa wa kuwasaidia wakimbizi na wenyeji pamoja, ikitaja usalama na upungufu wa fedha zilizoahidiwa. Moyo mwema, au moyo mgumu? Mizani ile ya mambo manne yajibu vizuri kuliko sisi.

Lakini mizani hiyo yasema kwa nini Serikali iliamua. Haisemi kungoja kulikuwaje. Kwa hiyo wasomaji wetu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wenye kuikumbuka miaka ile minne, kati ya 2010 na 2014, twawaomba watuandikie: walipoulizwa na karani au mwalimu wa shule kuwa wao ni raia wa wapi, walijibuje? Barua fupi yatosha, na asiyetaka jina lake litajwe atuambie. Tutazichapa katika ukurasa huu kwa kadiri ya nafasi.