Tusome Nini Siku za Noeli?



Majilio yanapokaribia kwisha, watu huulizana habari za nguo, za mchele na za nyama. Wachache huuliza habari za kitabu. Walakini siku za Noeli, tangu mkesha hata sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ndizo siku ambazo shule zimefungwa, vijana wamerudi nyumbani, na jioni jamaa hukaa pamoja. Kitabu kimoja kilichochaguliwa vema chaweza kudumu nyumbani kuliko kanzu mpya. Basi leo tujifunze namna ya kukichagua.

Hadithi za Noeli ni nyingi mno, na kila mwaka huchapwa nyingine, hasa huko Ulaya na Marekani. Nyingi ni za namna moja: theluji, taa za rangi, kijana na msichana waliogombana wapatana kabla ya kengele za usiku wa manane. Hatusemi kwamba ni dhambi kuzisoma. Sukari nayo si sumu. Lakini hakuna mama awapaye watoto sukari kuwa chakula cha jioni. Hadithi yenye kushibisha yatambulikana kwa alama tatu.

Alama ya kwanza, mlangoni pana mtu. Noeli yenyewe ilianza kwa mume na mke waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Hadithi isiyo na mtu aliyeachwa nje imechukua mapambo ya Noeli ikaiacha Noeli. Alama ya pili, anayefungua mlango hupungukiwa na kitu: mali, usingizi, au heima yake machoni pa majirani. Alama ya tatu, hadithi iwe fupi, au igawanyike vizuri, ipate kusomwa kwa sauti mbele ya watu wa nyumba.

Tuvipime vitabu viwili kwa alama hizo.

Cha kwanza ni A Christmas Carol, alichokitoa Charles Dickens huko London tarehe 19 Desemba 1843. Dickens aliujua umaskini. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 12, alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, na baba yake alifungwa kwa sababu ya deni. Mwaka 1843 alisoma taarifa ya Bunge juu ya watoto walioajiriwa viwandani, akaitembelea pia shule ya watoto fukara. Kwanza alikusudia kuandika kijitabu cha kuwasihi Waingereza wawahurumie watoto wa maskini. Kisha akaona kwamba hadithi itafika mbali zaidi. Aliiandika kwa muda wa majuma sita hivi, na nakala 6,000 za kwanza ziliuzwa zikaisha kabla ya Noeli.

Mlangoni mwa hadithi hii wamo watoto. Yumo Tim mdogo, aendaye kwa mkongojo, mwana wa karani Bob Cratchit. Wamo pia mvulana na msichana waliokonda, waliofichwa chini ya joho la mzuka wa Noeli: mmoja aitwa Ujinga, mwenzake Uhitaji. Bwana Scrooge, yule tajiri bahili, hawezi kuokoka kwa machozi tu. Hana budi kufungua mfuko, na kumwongezea karani wake mshahara.

Jambo moja lastahili kuangaliwa. Kitabu hicho kiliuzwa shilingi 5, naye Bob Cratchit hadithini apata shilingi 15 kwa juma. Ingempasa kutoa theluthi ya mshahara wa juma zima ili asome habari zake mwenyewe! Lakini Desemba 1853 Dickens alikisoma hadharani mjini Birmingham, akataka jioni moja iwe ya wafanyakazi, kwa kiingilio kidogo. Hivyo hadithi ya maskini iliwafikia maskini kwa njia ya masikio.

Kitabu cha pili ni cha siku zetu: Small Things Like These, cha mwandishi wa Ireland, Claire Keegan, kilichotolewa mwaka 2021. Ni kifupi sana. Bill Furlong, mwuza makaa ya mawe katika mji wa New Ross, mwaka 1985, ana mke na binti watano. Mama yake alimzaa bila ndoa akiwa mtumishi. Bibi mwenye nyumba, mjane Mprotestanti, hakumfukuza. Mtoto Bill alipewa na bibi huyo zawadi ya Noeli: nakala kuukuu ya kitabu kile kile cha Dickens. Sasa, siku chache kabla ya Noeli, apeleka makaa katika nyumba ya watawa na kumkuta msichana amefungiwa bandani, akitetemeka kwa baridi. Masista hao ndio wenye nguvu mjini, na shule wasomamo binti zake iko ubavuni mwao. Mke wake na jirani wamwonya anyamaze. Afanyalo hatutalisema hapa. Msomaji alione mwenyewe.

Wako watakaouliza: Je, yafaa gazeti la Wakatoliki kuwasomesha waamini kitabu kinachowashtaki watawa? Twajibu: yafaa. Hadithi imebuniwa, lakini nyumba hizo hazikubuniwa. Taarifa ya serikali ya Ireland ya mwaka 2013 ilikadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao 10,000 walipita katika nyumba za kufulia nguo zilizoitwa za Magdalena, zilizoendeshwa na mashirika ya masista, tangu 1922 hata ya mwisho ilipofungwa mwaka 1996. Mwezi huo huo, Februari 2013, Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi Bungeni. Tukisoma juu ya bahili wa London, twamcheka kwa kuwa si wa kwetu. Tukisoma juu ya mlango uliofungwa kwa ufunguo wa Kanisa, hatuna nafasi ya kucheka. Mkristo anayesoma hadithi zinazomsifu tu ni kama mtu ajitazamaye katika kioo gizani. Wala kitabu hicho hakiibomoi imani: Furlong aongozwa na wema ule ule aliofundishwa utotoni.

Basi, wazazi, fanyeni hivi. Kama kitabu ni cha Kiingereza, kijana aliyesoma akisome kwanza, kisha awasimulie wengine kwa Kiswahili. Kitabu cha Dickens kina sehemu tano: jioni tano zatosha. Cha Keegan kiwe cha watu wazima na vijana wakubwa, na baada yake pawe na mazungumzo. Asiye na fedha na aazime, au jamaa tatu zichange zinunue kimoja.

Mkisha kufunga kitabu, ulizaneni swali moja tu: Katika mtaa wetu, ni nani aliye nje usiku huu? Mkiweza kumtaja kwa jina, mlichagua vema. Mpelekeeni sahani yake kabla chakula hakijapoa.