Kabla ya Kuhesabu Saki, Tazama Mvamizi Amesimama Wapi

Mwaka 2014 ulinzi wa Buffalo Bills ulipata saki 54, nyingi kuliko timu yoyote ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, msimu ule. Saki ni pale beki anapomwangusha kwatabeki, yaani mrushaji wa mpira, nyuma ya mstari ambapo mpira huanzishwa, kabla hajaurusha. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Mwaka 2015 Bills hao hao walipata 21. Beki wao Mario Williams aliporomoka kutoka 14.5 hadi 5. Mwenzake Marcell Dareus alikuwa na 10, akaambulia 2.

Ni kweli kwamba Kyle Williams, mkongwe wao wa katikati, aliumia mapema na kukosa sehemu kubwa ya msimu. Lakini jeraha la mtu mmoja halielezi kupotea kwa saki 33. Kilichobadilika hasa ni benchi la ufundi. Jim Schwartz, aliyekuwa kocha wa ulinzi, aliondoka, akaingia Rex Ryan na mfumo wake. Kufikia mwisho wa msimu, Mario Williams alikuwa akilalamika hadharani kuhusu jinsi anavyotumiwa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza namna ya kumpima mvamizi, yaani yule anayetumwa kumfuata kwatabeki, namwambia ajue kwanza mvamizi huyo ametumwa kufanya nini. Hilo huwezi kulisoma kwenye jedwali la takwimu. Lazima utazame mchezo, na kutazama huko kuna utaratibu wake ambao yeyote anaweza kujifunza, hata kama futiboli ya Kimarekani ameanza kuifuatilia msimu huu.

Anza kabla mpira haujaanzishwa. Kama unatazama marudio, simamisha picha hapo. Mbele ya kwatabeki kuna wakingaji watano: mmoja wa kati, wawili wa ndani na wawili wa pembeni. Mara nyingi huongezwa mchezaji wa sita kando ya mkingaji wa pembeni, anayeweza kukinga au kupokea pasi. Makocha huzipa namba nafasi ambazo mabeki wa mbele husimama. Anayekabiliana uso kwa uso na mkingaji wa kati yuko kwenye 0. Anayesimama kwenye bega la nje la mkingaji wa ndani yuko kwenye 3, na wa bega la nje la mkingaji wa pembeni yuko kwenye 5. Aliye nje kabisa, kupita hata yule mchezaji wa sita, yuko kwenye 9.

Schwartz anapenda kuwaweka wavamizi wake wawili wa ukingoni kwenye 9, au karibu na hapo. Faida yake utaiona hata bila kuelezwa. Mvamizi anapata nafasi ya kuchanganya miguu na kujipinda kuelekea kwa kwatabeki, na mkingaji wa pembeni, mtu mwenye kilo zaidi ya 130, analazimika kurudi nyuma haraka akiwa peke yake. Jason Babin alinufaika na mpangilio huu kuliko mtu yeyote ninayeweza kumtaja. Alicheza misimu sita bila kuvuma, kisha akaingia chini ya Jim Washburn, mwalimu wa safu ya mbele ambaye jina lake limefungamana na mpangilio huu. Mwaka 2010 akapata saki 12.5 akiwa Tennessee, na mwaka 2011 akapata 18 akiwa Philadelphia, ambako Washburn pia alikuwa amehamia.

Lakini mpangilio huo una bei, na anayeilipa si mvamizi. Watu wawili wakisimama mbali hivyo, katikati hubaki mianya mipana ambayo mkimbiaji wa wapinzani anaweza kupenya. Lainibeka, wanaosimama nyuma ya safu ya mbele, ndio wanaobeba mzigo wa kuiziba. Ukiona mvamizi wa pembeni anasifiwa huku lainibeka wa timu hiyo hiyo wakilaumiwa kila wiki kwa kupitwa, angalia nafasi za miguu kabla ya kukubaliana na lawama.

Ryan, kwa upande wake, alijenga ulinzi wake juu ya kuchanganya akili. Kwatabeki asijue nani anakuja na nani anabaki, kwa hiyo leo anatumwa lainibeka, kesho beki wa nyuma, na mvamizi mwenyewe wakati mwingine huambiwa arudi kukaba eneo. Katika mfumo wa aina hii saki huweza kumwangukia yeyote, na yule nyota hutumika kama chambo. Wapenzi wa soka watakumbuka winga mwenye kasi aliyeambiwa na kocha mpya arudi kumsaidia beki wake kila shambulio: mabao yake hupungua hata kama miguu yake haijapungua mbio.

Hata hivyo usiupe mfumo kila kitu. Mwaka 2016 Mario Williams alihamia Miami, ambako Washburn huyo huyo alikuwa miongoni mwa walimu, na akaambulia saki 1.5 tu. Alikuwa ameshavuka miaka 30. Mfumo wa Buffalo wa 2015 ulimpunguzia nafasi, ila umri nao ulikuwa umebisha hodi.

Hatua ya kwanza ya mvamizi baada ya mpira kuanzishwa ndiyo inayoeleza mengi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo hapa chukua muda wako. Je, ameruka moja kwa moja kuingia kwenye mwanya? Au amemkamata mkingaji kifuani, akanyoosha mikono, akasubiri aone mpira unaelekea wapi? Wa kwanza amepewa mwanya mmoja. Wa pili amepewa miwili, kushoto na kulia kwa mkingaji huyo, na haruhusiwi kuondoka mpaka ajue hakuna mtu anayekimbia na mpira upande wake. Nusu sekunde anayosubiri ndiyo hiyo hiyo ambayo kwatabeki huihitaji kurusha.

Richard Seymour alifanya kazi hiyo ya mianya miwili kwa miaka mingi New England. Kwa kipindi chake chote pale hakuwahi kuzidisha saki 8 katika msimu. Mtu anayesoma jedwali peke yake angempita bila kumtazama mara mbili. Waliojua kazi yake walimwingiza kwenye Ukumbi wa Umaarufu mwaka 2022, akiwa na saki 57.5 za maisha yake yote ya uchezaji. Linganisha na J.J. Watt wa Houston, aliyepata 20.5 mwaka 2012. Wote wawili walikuwa wakubwa wa mwili, na wote walicheza kwenye mfumo unaotajwa kwa namba zile zile, 3-4, yaani watu watatu mbele na lainibeka wanne. Tofauti ni kwamba kocha wa ulinzi wa Watt wakati huo, Wade Phillips, alimwambia mtu wake apasue mwanya mmoja. Mwaka 2018 Phillips huyo huyo akiwa Los Angeles Rams alimwachia Aaron Donald apenye kutokea katikati, na Donald naye akapata 20.5, idadi ya ajabu kwa mtu wa ndani. Kwa hiyo mtangazaji akisema timu inacheza 3-4 au 4-3, bado hajakwambia kitu cha maana. Hatua ya kwanza ndiyo itakayokwambia.

Kisha hesabu mara ambazo mvamizi haendi mbele kabisa, bali anageuka kukaba. Kocha Dick LeBeau aliujenga ulinzi wa Pittsburgh Steelers juu ya hila hii: beki wa nyuma anavamia, mvamizi anachukua nafasi yake. Kwenye Super Bowl ya msimu wa 2008, sekunde za mwisho za nusu ya kwanza, James Harrison alijifanya anavamia kisha akabaki nyuma. Kurt Warner wa Arizona Cardinals hakumwona. Harrison akaudaka mpira mbele ya goli lake na kukimbia nao yadi 100. Msimu ule alikuwa na saki 16, lakini tendo lake kubwa kuliko yote lilitokana na kutovamia.

Ugumu wa kazi hiyo mbili kwa moja unaeleza pia safari ya Mkenya Daniel Adongo. Alitoka kwenye raga mwaka 2013 na kusajiliwa na Indianapolis Colts kama lainibeka wa nje, bila kuwahi kucheza mchezo huu. Nafasi hiyo katika mfumo wa 3-4 humtaka mtu ajue kuvamia, kuzuia mkimbiaji na kukaba, na aamue kati ya hayo matatu kwa kufumba na kufumbua. Nguvu na mbio alikuwa nazo. Ningependa kuona angefika wapi kama angeanzia pale ambapo mtu huambiwa jambo moja tu: mfuate mwenye mpira.

Usisahau kutazama sehemu ya nyuma ya picha, waliko mabeki wa nyuma. Makwatabeki wengi hurusha ndani ya sekunde tatu. Mabeki wa nyuma wakiwabana wapokeaji tangu mwanzo, kwatabeki hushika mpira kwa muda mrefu, na mvamizi wa kawaida anapata saki ambayo kwa haki ni ya mwenzake. Wakiwaacha wapokeaji huru mbele yao, mpira hutoka mapema na hata mvamizi hodari hurudi mikono mitupu. Matokeo nayo yana mchango: timu inayoongoza kwa pointi nyingi hurushiwa pasi nyingi, hivyo wavamizi wake hupata nafasi nyingi.

Kwenye takwimu, acha saki kwanza. Tafuta idadi ya mara mvamizi alizotumwa kumfuata kwatabeki, kisha uone ni mara ngapi kati ya hizo alimsumbua. ESPN hutoa pia kipimo cha mara ambazo mvamizi humshinda mkingaji ndani ya sekunde 2.5, ambacho hakijali kama saki ilipatikana. Kipimo hicho humtendea haki mtu wa timu dhaifu. Bado hakikwambii kama alikuwa akikabiliana na mkingaji mmoja au wawili, na hilo utalihesabu mwenyewe kwa macho.

Timu yako ikimsajili mvamizi kwa mamilioni ya dola, tafuta marudio ya mechi zake mbili au tatu za klabu ya zamani, uandike namba ya nafasi aliyosimama na kama alipewa mwanya mmoja au miwili. Fanya hivyo tena kwenye mechi zake za kwanza za klabu mpya. Nafasi zikifanana na saki zikawa hazipo, una sababu ya kumuuliza mchezaji. Zikitofautiana, swali lako lipeleke kwa kocha wa ulinzi.